Karani wa Kundi la Kungoja

Jumatatu, 2 Septemba

Shikamoo Mkufunzi,

Sijui kama unanikumbuka. Nilikuwa nakaa dawati la mbele, upande wa dirisha, na wewe ndiye uliyenibatiza jina la Bi Maswali kwa sababu nilikuwa sikuachi umalize sentensi. Miaka tisa imepita. Sasa nafundisha darasa la kwanza, watoto hamsini na watatu, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Barua hii nampa shemeji yangu, dereva wa basi la asubuhi. Ukijibu mpe yeye, kila akifika mjini atapita kwako. Tukiitegemea posta tutazeeka.

Nakuandikia kwa sababu maji yamenifika shingoni.

Orodha yako bado ninayo, ile ya vipengele kumi na viwili vya utayari wa kusoma. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la darasa na naifuata neno kwa neno. Mtoto akitimiza vyote kumi na viwili anapewa kitabu. Asiyetimiza anakaa nyuma, kundi la kungoja, na udongo wa kufinyanga, shanga na picha, mpaka akomae. Ulitufundisha kwamba mtoto akilazimishwa kabla ya wakati wake anachukia kusoma maisha yake yote, nami nimeyaona hayo kwa macho yangu katika madarasa ya wengine, watoto wanaolia wakionyeshwa kitabu. Kwangu halii mtu. Wenzangu wananitania kwamba mimi ni yaya wa serikali, lakini watoto wangu wa kitabu wanawashinda wa kwao.

Isipokuwa mmoja. Tunamwita Karani, kwa kuwa ndiye anayenigawia madaftari kila asubuhi. Ni msichana wa miaka kumi. Huu ni mwaka wake wa tatu darasa la kwanza na hajawahi kutoka kundi la kungoja. Kila mwaka anakwama kwenye vipengele vitatu vilevile: kukata karatasi kwa mkasi akifuata mstari, kupanga vipande vya picha, na kuruka kwa mguu mmoja hatua kumi. Mama yake anafua nguo za watu na anamlea peke yake.

Sasa kuna agizo jipya. Tarehe 14 Oktoba mkaguzi anakuja. Kila aliyezidi miaka tisa na bado yuko darasa la kwanza atapewa ukurasa mmoja asome mbele yake. Asiyeweza anafutwa kwenye rejista siku hiyohiyo, nafasi apewe mwingine. Hapa kwetu anayehusika ni Karani peke yake. Akifutwa hakuna shule nyingine itakayompokea.

Nina wiki sita. Nifanye nini ili awe tayari?

Mwanafunzi wako,
Bi Maswali


Jumatatu, 9 Septemba

Marahaba mwanangu,

Nitakusahauje? Wewe peke yako uliongeza robo saa kwenye kila kipindi changu, na wenzako walikosa chai kwa ajili yako. Nimefurahi mno kupata barua. Tangu nistaafu anayenitafuta ni fundi wa bomba tu, naye hunitafuta kwa sababu nina bomba linalovuja.

Umenifurahisha zaidi uliposema unaifuata orodha. Wengi walitoka chuoni na cheti, wakarudi kufundisha kama walivyofundishwa na babu zao. Sasa nisikilize. Usitishwe na mkaguzi. Utayari hauamriwi kwa barua ya ofisi. Mwili, akili na moyo wa mtoto vinakomaa pamoja, na kimoja kikibaki nyuma kinavishika vingine mguu. Ukimsukuma kabla, atakariri ukurasa wa mkaguzi kama kasuku, kisha hatashika kitabu tena.

Vipengele vitatu si vingi. Mpe mkasi kila siku, hata kwa dakika kumi. Mpe picha ya vipande vinne kabla ya ile ya kumi na viwili. Kuhusu kuruka, chora miraba kwa chaki uwanjani na umshike mkono mwanzoni. Wiki tatu zinatosha kabisa, na wiki mbili zitakazobaki umpe kitabu. Utaona atakavyokimeza.

Usife moyo. Mtoto huyo yuko katika mikono mizuri.

Mkufunzi wako,
mzee wa bomba linalovuja


Jumatatu, 16 Septemba

Shikamoo Mkufunzi,

Nilifanya ulivyosema. Nilichora miraba uwanjani, nikamshika mkono, na darasa zima likatoka kutazama. Aliruka mara moja akaanguka. Akaruka tena, akaanguka tena. Alinyanyuka mara saba, na mara ya nane nikaona amejiuma mdomo. Nikamwuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi, mguu wake ndivyo ulivyo. Jioni nilimfuata hadi kwao nikamwuliza mama yake. Akaniambia nyonga iliteguka siku aliyozaliwa na haikurudi sawasawa. Anatembea vizuri, anakimbia kidogo. Kuruka kwa mguu huo hataruka, hata akiwa na miaka arobaini.

Miaka mitatu, Mkufunzi, nimekuwa nikimngoja aruke.

Nikaanza kuuliza na mengine. Mkasi? Darasani kwangu kuna mikasi miwili kwa watoto hamsini na watatu, na kwao hakuna hata mmoja. Picha ya vipande? Ya kwanza kuiona maishani mwake ni ile niliyompimia.

Lakini lililonitoa jasho si hilo. Jumatano asubuhi nilikuwa natafuta chaki, yeye akawa anagawa madaftari. Nilimtazama kwa mara ya kwanza. Nasema kwa mara ya kwanza ingawa amefanya kazi hiyo mbele yangu kwa miaka mitatu. Anachukua daftari, anatupia jicho jalada, anakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Nikafikiri labda anajua kwa madoa na mikunjo. Kesho yake nikayavalisha yote majalada mapya ya karatasi ya kaki, nikaandika majina upya. Akayagawa yote hamsini na matatu, hakukosea hata moja. Tuna wasichana wawili wenye jina moja, tofauti yao ni jina la baba tu. Alisimama kidogo, akasoma la pili, akampa anayehusika.

Nilimwita. Nikampa kitabu cha kusoma, nikamwambia, "Hiki ni chako." Hakukipokea. Alikaa chini, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia. Akasema, "Mimi ni wa kungoja, mwalimu."

Nilimbembeleza mpaka kengele ikalia. Aliikalia mikono hadi mwisho.

Nisamehe kwa ninaloliuliza. Orodha ile uliitoa wapi?

Bi Maswali


Alhamisi, 19 Septemba

Mwanangu,

Dereva anasubiri na goti langu limevimba, kwa hiyo leo nitakuwa mfupi. Endelea kumpa kitabu kwa upole, usimlazimishe. Kuhusu orodha, ilitokana na utafiti. Nitakueleza nikipata nafasi ya kukaa vizuri.

Mkufunzi wako


Jumatatu, 23 Septemba

Shikamoo Mkufunzi,

Pole na goti. Lakini goti haliandiki barua.

Siku zinakwenda mbio na mimi sina mbele wala nyuma. Nimejaribu kumketisha na watoto wa kitabu. Anarudi nyuma mwenyewe, taratibu, nikigeukia ubao. Nimejaribu kufungua kitabu na kukiacha juu ya dawati lake kana kwamba nimekisahau. Alikifunga, akakileta mezani kwangu, akasema nimesahau kitu. Nimeandika ubaoni herufi zilezile za jina analolisoma kila asubuhi, nikamwuliza hii nini. Akasema, "Hiyo ni ya watoto wa kitabu." Ijumaa nilichoka nikapandisha sauti. Sikumpiga. Nilipandisha sauti tu, na yeye akajikojolea, mtoto wa miaka kumi mbele ya watoto wa miaka sita. Nilimfunika kwa kanga yangu nikamtoa nje, nikakaa naye nyuma ya tangi la maji, tukalia wote wawili kila mtu kivyake.

Mama yake alinisimamisha njiani juzi, karai kichwani. Akauliza, "Mwalimu, mkaguzi akija mwanangu atapona?" Nilimwambia tuko katika kazi. Sikumwambia kwamba mtoto anasoma majina hamsini na matatu. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Nikapita. Kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo sijaiona.

Umesema utafiti. Utafiti gani? Nataka kujua kwa kuwa nimewapima kwa karatasi hiyo watoto zaidi ya mia nne.

Bi Maswali


Alhamisi, 26 Septemba

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Goti halikuwa na shida sana wiki iliyopita. Nilikuwa naogopa.

Hakukuwa na utafiti. Mwaka wangu wa pili kufundisha, mkuu wa chuo alitaka kila somo liwe na kitu ambacho mwanafunzi ataondoka nacho mkononi. Nilikwenda shule ya awali iliyokuwa ndani ya uzio wa chuo, nikawatazama watoto kwa siku mbili. Walikuwa kumi na tisa, wote watoto wa wakufunzi, wawili kati yao wangu mwenyewe. Niliandika wanachoweza kufanya wale waliokuwa wameanza kusoma. Walikuwa wakikata kwa mkasi, kwa sababu mikasi ilikuwepo. Walikuwa wakipanga vipande vya picha, kwa sababu waliletewa siku za kuzaliwa. Walikuwa wakiruka kwa mguu mmoja, kwa sababu mwalimu wao alipenda mchezo huo. Nikaviandika kumi na viwili. Nilipanga kwenda kupima kwingine. Sikwenda. Kufika mwaka wa tano orodha ilikuwa imeenea kila mahali, na mimi nikaanza kuiamini kama ninyi.

Hilo ni moja. La pili ni baya zaidi. Wanasaikolojia walioandika habari za utayari walisema mambo matatu, nami niliwapa mawili. Mtu aliye tayari akiachwa afanye, anaridhika. Asiye tayari akilazimishwa, anachukia. Na aliye tayari akizuiwa, huyo naye anaumia na kugeuka, hata kuliko yule aliyelazimishwa. Hilo la tatu nililijua. Siku naandaa karatasi zenu, ukurasa wa stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, ulikuwa umejaa, na kukata stensili nyingine ilikuwa usumbufu. Nikajiambia nitalisema kwa mdomo. Nadhani sikulisema hata mwaka mmoja. Karani ndiye huyo wa tatu.

Tena wako waliosema utayari hautazamwi kwa kile ambacho mtoto anaweza peke yake tu, bali kwa kile anachoweza akisaidiwa hatua moja mbele. Hao niliwaweka kwenye swali la hiari la mtihani.

Sasa sikiliza, na safari hii nibishie ukiona napotoka. Kitabu kiache kabisa. Kwake kimekuwa mlango uliofungwa na wewe, huwezi kuufungua wewe yuleyule kwa siku moja. Anzia kwenye ukarani wake, ambapo hakuna aliyemwambia angoje. Mpe vikaratasi vilivyokunjwa, vya kazi. "Mpe fulani daftari." "Funga dirisha." Usimwambie ni kusoma. Usimsifu. Mpe kama unavyompa mtu mzima kazi, umgeuzie mgongo.

Na mama yake umwambie ukweli. Usingoje.

Nisamehe ukiweza.

Mkufunzi wako


Jumatano, 9 Oktoba

Mkufunzi,

Shikamoo. Nikuanzie na furaha maana ilikuwepo.

Kikaratasi cha kwanza kilisema "Fungua dirisha." Nilimpa, nikageukia ubao, nikaandika ovyo. Nikasikia komeo. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ya komeo lile lenye kutu. Siku ya pili nilimpa vitatu, ya tatu sita. Siku ya nne nikamwandikia mistari mizima: "Mwambie mwalimu wa darasa la tatu chaki zimeisha, anipe mbili." Alikwenda akarudi na chaki mbili. Akawa anafungua kila karatasi iliyokunjwa inayopita mbele yake, hata ya risiti ya mafuta ya taa. Ijumaa alinijibu. Nilimwandikia "Lete ndoo," akanirudishia karatasi ileile, nyuma kaandika kwa herufi za kulala, "Ndo imetoboka." Herufi moja imepungua, lakini ndoo kweli imetoboka. Nilicheka mpaka watoto wakaniogopa, na yeye akacheka. Miaka mitatu sikuwahi kuyaona meno yake.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Leo nimekwenda kwao.

Mama yake amemtuma na jirani huko mjini kwako, kwa binamu yake, akalee mtoto mchanga. Hakunificha. Alinitolea kadi ya maendeleo ya mwaka juzi na ya mwaka jana, amezihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Yeye hajui kusoma; aliyemsomea ni jirani. Zote mbili nimeandika kwa mkono wangu, "Hajawa tayari kujifunza." Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa shule na umesema mara mbili. Nimwache mpaka mkaguzi aje amtoe mbele za watu kama mwizi? Nimemtoa mwenyewe, kwa heshima."

Nilikuwa sijamwambia, Mkufunzi. Wewe uliniambia nisingoje na mimi nikangoja. Nilitaka kwanza awe amefaulu, ndipo nimwambie mama yake kosa langu, ili liwe dogo. Hata leo pale mlangoni sikumwambia. Nikaaga.

Nyumba iko mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, geti la kijani lisilo na namba. Zimebaki siku tano. Tafadhali nenda.

Bi Maswali


Ijumaa, 11 Oktoba

Mwanangu,

Nimekwenda. Kwa goti hili ilinichukua asubuhi nzima, na mageti ya kijani mtaa ule ni manne.

Nilimkuta uani, kitoto mgongoni, anaanua nguo. Ni mwembamba kuliko nilivyomfikiria. Nilijitambulisha kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mwalimu wake. Akanitazama, akauliza, "Ndiye wewe wa orodha?" Kumbe mlango wa kabati lako huwa wazi na jina langu liko chini ya karatasi. Nikasema ndiye mimi. Akauliza kwa nini niliweka kuruka. Nimesimama mbele ya maprofesa, mwanangu, nimejibu maswali makubwa kuliko hilo. Nilimwambia sikuwa na sababu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kawaida, akaendelea kuanua nguo.

Nilimwuliza kama anataka kurudi. Alisema, "Nikirudi nitakaa wapi?" Nilidhani anauliza nyumba. Alikuwa anauliza upande gani wa darasa.

Mwenye nyumba, yule binamu, si mtu mbaya. Ana mapacha pamoja na huyo mchanga, na macho yake yanaonyesha hajalala tangu Agosti. Lakini hawezi kunipa mtoto. Alisema mama wa mtoto amemtuma kwa mdomo wake, na atamtoa kwa mdomo wake. Ana haki. Mimi ni nani pale getini?

Kwa hiyo imebaki wewe. Lazima uende kwa mama yake umwambie lote, tena kesho, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya mwisho ya kumrudisha. Najua ni vigumu. Ningeweza kukubebea mzigo huo ningeubeba, maana ni wangu.

Mkufunzi wako


Jumamosi, 12 Oktoba

Mkufunzi,

Anayekuletea barua hii ni mama yake. Mpe maji, umwonyeshe geti.

Nilimkuta anasuuza mashuka. Nilimweleza nimesimama, hakuniambia nikae. Nilimwambia mwanawe anasoma, na mimi nilimnyima kitabu miaka miwili na zaidi kwa sababu ya mguu wake, na maneno ya kwenye kadi ni ya uongo ingawa nilipoyaandika sikujua. Akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anaweza?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikasema sijui, pengine tangu mwaka jana.

Akasema, "Mwaka jana nilimpiga. Uliponiletea ile kadi. Nilidhani anacheza shuleni."

Alikamua shuka mpaka maji yakaisha, akaendelea kulikamua. Baadaye akaniambia nimwandikie barua ya kukuletea, kwa kuwa mjini hajawahi kufika na hamjui mtu mwingine. Anajua kilichomo, nimemsomea yote mpaka hapa. Amesema niongeze kwamba hajanisamehe.

Bi Maswali


Jumanne, 15 Oktoba

Shikamoo Mkufunzi,

Walirudi Jumapili kwa basi la mwisho. Asante.

Jana mkaguzi alikaa kwenye meza yangu, mwalimu mkuu pembeni, mama yake mlangoni. Mkaguzi akamsogezea ukurasa. Karani aliutazama, akakaa, akaingiza mikono chini ya mapaja. Nilijua hapohapo. Nilimwomba mkaguzi anipe nafasi, aone anavyogawa madaftari, aone vikaratasi. Akajibu bila ukali, "Mwalimu, nimekuja kupima kusoma, si kupima uhodari wa kutumwa." Alingoja dakika tano kwa saa yake. Akafungua rejista, akatoa kalamu nyekundu.

Niliushika mkono wake. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, nadhani haukuwa ujasiri. Nikamwambia agizo lake linawahusu walioshindwa kujifunza, na huyu hakushindwa, hakufundishwa. Akauliza nani hakumfundisha. Nikasema mimi. Akaniambia nikiyasema hayo kwa mdomo hayana maana, niyaandike kwenye daftari lake la ukaguzi na nitie saini, na nijue yatanifikisha wapi. Niliandika ukurasa mzima: miaka mitatu, chumba kimoja, mtoto aliyenyimwa kitabu na mwalimu wake kwa kutumia orodha isiyofaa. Nikatia saini.

Jina lake halikufutwa. Amepewa hadi tarehe 29 Novemba, atapimwa upya. Jina langu ndilo limekwenda makao makuu. Mwalimu mkuu anasema wataniondoa darasani wakati wowote, na hana wa kuziba nafasi yangu.

Naogopa. Siogopi kukosa kazi kama ninavyoogopa atakayekuja baada yangu. Atafika, ataona msichana mkubwa anayeikalia mikono, atamrudisha nyuma. Wiki sita nyingine zitapita bure.

Bi Maswali


Alhamisi, 17 Oktoba

Mwanangu,

"Orodha isiyofaa." Umeandika hivyo na hukusema ya nani. Nilikufundisha mambo mengi mabovu lakini hilo la kunifichia sikukufundisha. Leo asubuhi nimemwandikia mkaguzi, nimejitaja jina na namba yangu ya zamani ya kazi, nimeeleza watoto kumi na tisa wa ndani ya uzio. Fundi wa bomba ndiye shahidi wa saini yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Wakikuondoa, nitakuja mimi. Nimemwandikia mwalimu mkuu wako, naye alipita mikononi mwangu kabla yako. Nitajitolea hadi Novemba. Sitaki malipo, nataka kiti chenye mgongo. Tafuta chumba cha chini, ngazi siziwezi. Na usibandue ile karatasi kabatini. Niachie.

Mkufunzi wako


Ijumaa, 25 Oktoba

Shikamoo Mkufunzi,

Chumba kimepatikana, hakina ngazi. Mama Karani atakufulia. Alisema mwenyewe, sikumwomba, na bado hanisalimii.

Barua ya makao makuu imefika leo kipindi cha pili. Mwalimu mkuu aliikunja akampa Karani aniletee, kama anavyomtuma kila siku. Hakujua kwamba siku hizi karatasi iliyokunjwa Karani haipitishi bila kuifungua. Mimi nilikuwa ubaoni na watoto wa kitabu. Nilimwona anaingia, akasimama katikati ya chumba, karatasi wazi mikononi mwake, midomo inacheza. Nikadhani ameshikwa na homa.

Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, akisitasita kwenye maneno marefu, "Kuanzia Jumatatu, tarehe ishirini na nane Oktoba, mwalimu hataruhusiwa kuingia darasani." Akarudi nyuma kidogo kwenye "hataruhusiwa," akalisema tena mpaka likatoka sawa. Halafu akaniangalia. "Mwalimu, wamesema usije. Ni kwa sababu yangu?"

Nilimwambia hapana, ni kwa sababu yangu mimi. Akatazama tena karatasi kuhakikisha, kana kwamba huenda sababu imeandikwa mahali hakuiona. Chini yake kulikuwa na mistari mingine minane.

Nilivuta kiti changu, nikakiweka mbele, karibu na ubao, nikamwambia akae. Nikamwambia aisome yote, kutoka mwanzo, taratibu.

Bi Maswali